Ushauri Nasaha kwa Vijana wa Kikongo Marekani

Ushauri nasaha ni mazungumzo ya faragha kati ya mtu na mtaalamu wa saikolojia, kwa kawaida mara moja kwa wiki na kwa muda usiozidi saa moja. Anayekwenda huko si lazima awe na ugonjwa wa akili. Wengi ni vijana walio njia panda: shule imekwisha, kazi imeanza, wazee wanauliza habari za ndoa.

Mwanasaikolojia Erik Erikson, katika kitabu chake cha 1950, aliona kujitambua kuwa ndiyo kazi kubwa ya ujana. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alieleza kuwa katika nchi za viwanda kazi hiyo huendelea katika kipindi cha kati ya miaka 18 na 25. Kijana wa Kikongo aliyezaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma, kisha akakulia Marekani, ana la ziada. Kongo huisikia kwa wazazi tu, na Tanzania alikozaliwa aliishi kama mkimbizi.

Tena kuna mzigo ambao jamii haiuzungumzii vya kutosha. Watoto hushika Kiingereza upesi, kwa hiyo wao ndio husomea wazazi barua za bima, humpigia simu mwenye nyumba, hata kumweleza mama majibu ya vipimo vyake hospitalini. Ni kazi nzito mno kwa mtoto. Akipata nafasi ya chuo katika mji mwingine, huona kana kwamba anaitelekeza familia.

Mshauri anayefuata njia iliyoasisiwa na daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck miaka ya 1960 humtaka kijana aliandike wazo linalomsumbua, tuseme, “Nikiondoka, nyumbani watakwama,” kisha walipime pamoja. Barua zipi ni lazima azisome yeye? Nani mwingine anaweza? Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kisheria kutoa mkalimani bila malipo. Baadaye kijana hujizoeza namna ya kulifikisha kwa baba jambo la kuondoka bila kumvunjia heshima.

Kwa aliyetimiza miaka 18, wazazi hawaambiwi yaliyosemwa, isipokuwa pakiwa na hatari kwa maisha. Hata hivyo, anayetumia bima ya mzazi, jambo linaloruhusiwa hadi miaka 26, ajue kuwa taarifa ya malipo huweza kutumwa kwa mzazi. Aiombe kampuni ya bima mapema imtumie yeye mwenyewe. Vyuo vingi hutoa vikao kadhaa bila malipo. Anayefikiria kujidhuru asisubiri miadi: namba 988 hupokea simu na ujumbe usiku na mchana.