Sumaku Huonyesha Chuma Kilichoumia



Sisi wa viwandani Kasese na ninyi wa mashamba ya kahawa na pamba upande wa Bwera, sote tunakijua chuma kisichoshika kutu. Ndicho cha sufuria na vijiko vya sokoni, na ndicho cha matangi na mabomba. Kuanzia 1999 kiwanda cha kobalti cha Kasese kilitoa madini katika mabaki ya machimbo ya Kilembe kwa vijidudu na asidi. Asidi hula chuma cha kawaida; ndiyo sababu kazi za namna hiyo huhitaji sana hiki kisichoshika kutu.

Aina yake inayotumika zaidi ina kromiamu kiasi cha 18 kwa mia na nikeli 8 kwa mia. Bamba lake jipya halivutwi na sumaku. Lakini likipindwa, likigongwa au likinyooshwa kwa nguvu likiwa baridi, chembe zake za ndani hujipanga upya, na mahali hapo huanza kuvutwa. Kadiri lilivyoumia, ndivyo sumaku inavyoshika. Mafundi wana kipimo kinachosoma nguvu hiyo bila kukata wala kutoboa chuma.

Faida yetu ni nini? Tangi likibonyea, hugongwa nyundo likanyooka, nasi tukaambiwa: limepona, endeleeni na kazi. Kwa macho limepona. Lakini palipogongwa pamekuwa pagumu, na pakikutana na joto na maji ya chumvi, panaweza kupasuka mapema kuliko pengine. Asidi ikimwagika, anayeungua ni mfanyakazi.

Tahadhari lakini. Linganisha na sehemu isiyoguswa ya bamba lile lile. Penye weldingi huvutwa kidogo hata pasipo kosa. Bolti mpya nazo huweza kuvutwa, maana vichwa vyake hutengenezwa kwa kugongwa. Ziko aina zinazovutwa tangu mwanzo, na ziko zenye nikeli nyingi zisizobadilika sana hata zikiumia. Basi sumaku ya mkononi ni dalili, si hukumu.

Ukiona dalili, weka alama kwa chaki, mwite mjumbe wa chama, na kwa pamoja tudai fundi mwenye kipimo kabla tangi halijajazwa. Bamba hubadilishwa, mkono wa mfanyakazi haubadilishwi.

Umoja ni nguvu.