Visiki 30 hapa, visiki 9 pale: doria iende wapi?

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, huku Mtwara, ilianzishwa mwaka 2000. Ina kilomita za mraba 650 hivi, na hakuna boti ya doria inayoweza kuzimaliza kwa siku moja. Basi mikoko inakatwa wapi zaidi?

Tuchukue mfano wa kubuni. Tumeigawa mikoko ya Ruvuma katika miraba 200 na kuhesabu visiki. Wastani ni visiki 4 kwa mraba, mchepuko wastani ni 6. Mraba A una visiki 30, lakini majirani zake wanane wana viwili viwili tu. Mraba B una 9, na majirani zake wote wana 9 kila mmoja. Wengi wetu tungekimbilia A.

Mwaka 1992 Arthur Getis na Keith Ord walichapisha kipimo kinachotazama mraba pamoja na jirani zake. Miraba tisa ingetarajiwa kuwa na visiki 36 (9 mara 4). Kwa B tumepata 81, zimezidi 45. Tukigawanya kwa mtawanyiko unaotarajiwa kwa kundi la miraba tisa, ambao hapa ni 17.6 hivi, tunapata 2.55. Kwa A jumla ni 46, na jibu ni 0.57 tu. Mpaka uliozoeleka ni 1.96, kwa hiyo kitovu cha ukataji ni B. Kule A labda mtu mmoja alihitaji boriti za nyumba. B panaonekana pana watu wanaorudi.

Sasa, tahadhari. Ukipima miraba 200 kwa mpaka huo, hata kama visiki vimetapakaa ovyo kabisa, miraba 10 hivi itauvuka kwa bahati tu, ama juu ama chini. Marekebisho ya Benjamini na Hochberg ya mwaka 1995 hupunguza vitovu hewa vya namna hiyo.

Halafu, jirani ni nani? Programu hupima umbali kama ndege arukavyo. Rasi ya Ruvula ni nyembamba: upande mmoja Ghuba ya Mnazi, upande wa pili bahari kuu. Ukichora ramani ya uvuvi wa baruti, programu itaunganisha pande hizo mbili, wakati mvuvi mwenye ngalawa anajua ni safari mbili tofauti kabisa.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni doria yenyewe. Inapopita mara nyingi ndipo matukio mengi huandikwa, ramani inapakwa nyekundu hapo, kisha doria inaongezwa hapo hapo. Kijiji kilicho karibu na kituo kinaweza kupewa jina baya kwa sababu ya ujirani tu. Gawanya kwanza matukio kwa saa za doria, ndipo uanze kuchora.