Ukindu, Rangi na Shazia: Sanaa ya Mkeka katika Delta ya Mto Tana

Katika nyanda za chini za Mto Tana, nchini Kenya, kuanzia vijiji vya Wapokomo vilivyojipanga ukingoni hadi Garsen, na kutoka Garsen hadi Kipini ambako mto huingia baharini, sanaa ya kutia rangi kwa mkono na kuunga vipande hadi vikawa tandiko moja haikusimama juu ya uzi wa pamba, bali juu ya majani ya miti miwili ya jamii ya mnazi, yaani mkindu na mkoma. Mkeka unaotokana na kazi hiyo huhesabiwa na wengi kuwa chombo cha nyumbani tu, ilhali hatua zake zote, tangu uteuzi wa jani hadi mshono wa mwisho, ni zile zile anazopitia msanii wa nguo, na elimu inayohitajika si haba.

Mkindu hupenda maji, na kwa hiyo huota katika mashada ya mashina mengi kwenye kingo za mito na katika ardhi oevu, yaani ardhi inayokaa na maji kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mkoma huvumilia ukame zaidi, na jani lake hufunguka kwa umbo la kipepeo cha mkono. Jani la mkindu huitwa ukindu, nalo ni laini, likafaa mikeka ya kulalia na misala, ambayo ni mikeka ya kuswalia. Jani la mkoma huitwa mwaa, kwa wingi miyaa, nalo ni gumu zaidi, likafaa vikapu, makanda na majamvi. Linalochumwa ni jani changa ambalo bado halijakunjuka, kwa kuwa halijakomazwa na jua, lakini kila shina la mkindu hukua kwa kichipukizi kimoja tu kilichomo kileleni, na kisu kikikigusa, shina zima hufa. Jani likishapatikana huanikwa juani mpaka lipauke, kisha hupasuliwa kuwa chane, yaani vipande vyembamba ambavyo upana wake hauna budi kulingana, kwa sababu tofauti ndogo mwanzoni huonekana wazi mkeka unapokamilika.

Rangi ndiyo sehemu ya kazi hii inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Hapo zamani wasusi wa Pwani walizipata rangi zao kwenye mimea: mizizi ya mdaa ilitoa rangi nyeusi, mbegu za mzingefuri zikatoa nyekundu inayoelekea machungwa, na manjano yakatoa rangi iliyobeba jina lake. Gome la mkandaa, ambao ni mmojawapo wa mikoko ya pwani, lina tanini nyingi, yaani dutu kali iliyomo magomeni ambayo hutumiwa pia kutengenezea ngozi, nalo huleta wekundu wa hudhurungi. Tanini ikikutana na chuma hugeuka nyeusi, na ni kwa msingi huo kwamba mafundi wa Mali hupaka matope yenye chuma juu ya vitambaa vilivyochovywa katika maji ya majani.

Rangi hizo za mimea zilikuja kupata mshindani kutoka mbali. Mwaka 1856, mjini London, kijana wa miaka 18 aliyeitwa William Henry Perkin alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe, akaambulia badala yake rangi ya zambarau. Kutokana na ugunduzi huo ilizaliwa tasnia ya rangi za kikemia, ambazo hatimaye zilifika madukani Pwani kama unga unaouzwa kwa vipimo vidogo. Kwa kuwa jani lina nta inayokataa maji baridi, chane hufungwa mafungu na kuchemshwa ndani ya sufuria yenye rangi, zikigeuzwa mara kwa mara ili zikolee sawasawa. Rangi ya unga hung'aa na humwokolea msusi muda mwingi, na hakuna haki ya kumlaumu anayeichagua. Hata hivyo weusi wa mdaa una kina ambacho unga wa dukani haujakifikia, na ujuzi wa kuupata unastahili kufundishwa upya.

Chane zilizotiwa rangi husukwa pamoja na zile nyeupe kuwa ukili, yaani utepe mwembamba na mrefu sana, na ukili huo hupangwa ubavu kwa ubavu na kushonwa kwa shazia, ambayo ni sindano kubwa. Hapa ndipo hesabu inapohitajika, kwa maana nakshi iliyomo katika ukili mmoja lazima ikutane na nakshi ya ukili wa jirani, na msusi huyaona maungano hayo akilini kabla hayajawa mkononi. Ufundi huu ni ndugu wa ule wa kushona mablanketi ya viraka, ambao huko Alabama, Marekani, uliwapa heshima wanawake Weusi wa Gee's Bend, kijiji kilichomo ndani ya kona ya mto, kazi zao zilipoonyeshwa mwaka 2002 katika Museum of Fine Arts ya Houston zikiwa na majina ya walioshona. Mkeka wa Tana, kwa kawaida, hufika sokoni bila jina la aliyeusuka, na mnunuzi hubishania bei yake kana kwamba umeokotwa.

Pamba nayo haikukosekana katika bonde hili na pwani yake. Ilisokotwa katika miji ya kale ya Waswahili, ambako wanaakiolojia wamekuta vigurudumu vya udongo vilivyozungushia uzi, mpaka katika karne ya 19 merikani, kitambaa kilichotoka viwanda vya Marekani, kilipolifunika soko; nayo ikalimwa tena katika mashamba ya umwagiliaji ya Hola na Bura, lakini iliuzwa kama zao la biashara, wala haikuzaa ufundi wa nguo vijijini.

Msusi naye ana mshindani anayeutegemea mkindu, asiyebishania bei. Mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana ni aina mbili za kima wasioishi porini popote duniani isipokuwa katika misitu ya mto huu, ambayo sehemu yake ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1976, na mangabei hutegemea sana tunda la mkindu. Mtafiti Margaret Kinnaird alichapisha mwaka 1992 uchunguzi kuhusu ushindani huo kati ya binadamu na kima katika kuutumia mti huo. Misitu hiyo nayo huishi kwa mafuriko na maji ya chini ya ardhi, na mabwawa yaliyojengwa juu ya mto, likiwemo la Masinga lililokamilika mwaka 1981, yamebadilisha nguvu na majira ya mafuriko. Mwaka 2012 delta iliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, ambao unatambua matumizi ya busara ya wenyeji.

Matumizi hayo yanaweza kuanzia kando ya mashamba. Mkindu huota kwa mbegu na pia kwa machipukizi yanayotokeza ubavuni mwa shina mama, na kitalu cha machipukizi hayo karibu na mifereji ya mpunga kingewapa wasusi jani bila kuingia msituni, na kuwaachia mangabei matunda yao.