Namna ya Kutunza Kasuku

Mwanafunzi akisoma maneno bila kuyafahamu, mwalimu humwambia: "Usisome kama kasuku!" Watu hudhani kasuku hana akili, ana mdomo tu. Sivyo. Mwaka 1977 bibi mmoja wa Marekani, jina lake Irene Pepperberg, alinunua kasuku, akampa jina la Alex, akamfundisha miaka mingi. Alex alijua majina ya vitu zaidi ya 50. Alitaja rangi 7, akahesabu vitu mpaka 6. Alikufa mwaka 2007, umri wake miaka 31. Wengi walisikitika, kwa maana kwa kasuku umri huo bado si uzee.

Kasuku huyu mwenye rangi ya majivu na mkia mwekundu, akitunzwa vizuri, huweza kuishi miaka 40, hata 60. Basi kasuku mchanga anayeingia nyumbani leo huenda akawaona wajukuu wa mtoto anayemlisha. Lakini kasuku wengi hufa upesi. Mara nyingi sababu ni moja: mwenye kumfuga hajui mahitaji yake. Tuyatazame moja moja.

1. Kwao ni wapi?

Kasuku wa kijivu si ndege wa Mutoshi. Huku kwetu karibu na Kolwezi kuna miombo na majani, tena nchi ni ya juu, zaidi ya metre 1,400 juu ya bahari. Yeye kwao ni msitu mkubwa wenye joto na mvua nyingi. Fuateni kwa fikira mto wetu Lualaba. Unashuka kaskazini, unapita Bukama, Kongolo na Kindu, mwisho unafika Kisangani. Huko ndiko kwenye msitu wa kasuku.

Porini kasuku hakai peke yake. Jioni huja kulala pamoja juu ya miti, mamia kwa mamia. Asubuhi huruka mbali kutafuta ngazi za michikichi, mbegu na matunda. Dume na jike hukaa pamoja muda mrefu. Hutaga mayai katika tundu la mti mkubwa. Kifaranga hukaa tunduni karibu miezi mitatu kabla ya kuruka.

Kumbukeni mambo haya matatu: joto, safari na wenziwe. Kasuku aliyefungwa nyumbani amenyimwa yote matatu. Kazi ya mwenye kumtunza ni kumrudishia kiasi anachoweza.

2. Chakula chake

Watu wengi humpa kasuku karanga tu, au bukari tu. Huanza kunenepa, halafu hudhoofika. Karanga zina mafuta mengi, lakini hazina chokaa ya kutosha ya kujenga mifupa. Kasuku wa kijivu akikosa chokaa hutetemeka, huanguka kutoka kijitini, na huweza kufa kwa kifafa.

Mpeni kila siku vyakula vya namna nyingi: lengalenga, majani ya maboga, karoti, boga, kiazi kitamu kilichopikwa, papai na embe bivu. Ngazi ni chakula cha kwao, anazipenda sana. Hata pilipili anaitafuna kwa furaha, kwa kuwa ndege hawasikii ukali wake. Karanga chache zinafaa, zisizo na chumvi wala ukungu. Karanga zenye ukungu zina sumu. Kwa kumpa chokaa, chemsheni maganda ya mayai, yakausheni, yasageni, mkayanyunyize juu ya chakula. Tena mwekeni kidogo katika jua la asubuhi, palipo na kivuli pia, maana mwili hauwezi kutumia chokaa vizuri bila jua.

Maji yawe safi kama yale mnayokunywa ninyi, yabadilishwe asubuhi na jioni. Msimpe maji ya kijito kinachopita karibu na machimbo.

Vitu hivi msimpe kamwe: avoka, chokoleti, kahawa, pombe, chumvi, maharagi yasiyopikwa na sombe mbichi. Wako watu wanaompa kasuku lutuku ili wacheke akilewa. Mchezo huo ni kumwua.

3. Moshi na madini

Zamani katika machimbo ya makaa ya mawe ya Uingereza, wachimbaji walishuka chini na ndege mdogo aitwaye kanari. Hewa ya sumu ilipotokea, kanari alianguka kabla ya watu kusikia lolote, nao walikimbia wakapona. Desturi hiyo ilidumu mpaka mwaka 1986. Kwa nini ndege alianguka kwanza? Ndege huvuta hewa nyingi kwa mwili wake mdogo, na hewa hiyo hupita katika mapafu na katika vifuko vingi ndani ya mwili. Sumu humwingia upesi.

Basi msimweke kasuku karibu na mbabula yenye makala ya moto, wala jikoni, wala mahali watu wanapovuta tumbako. Na ninyi wenyewe msilale na mbabula katika nyumba iliyofungwa. Hewa inayomwua ndege huua watu pia.

Tena kasuku hutafuna kila kitu. Mdomo wake una nguvu ya kupasua ngazi. Katika miji ya madini kama yetu vipande vya chuma vimetawanyika kila mahali: nyuzi za mukuba, betri za zamani, mabati, risasi, rangi iliyobanduka. Zinki inayopakwa juu ya mabati na nyuzi za ua ni sumu kwake. Risasi ni sumu kali zaidi. Kabla ya kumwachia atembee, fagieni mahali hapo. Vumbi likiwa jingi barabarani, mwingizeni ndani.

4. Kifungo, usingizi na urafiki

Kifungo chake kiwe kipana, aweze kunyosha mabawa yote mawili bila kugusa kando. Vijiti vya kusimamia viwe vya mti, vingine vinene, vingine vyembamba, ili miguu isiume. Kumfunga mguu kwa kamba ni vibaya. Akishtuka na kuruka, mguu huvunjika. Kila siku atolewe nje ya kifungo kwa muda, milango imefungwa.

Wakati wa kiangazi, mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Kolwezi una baridi kali. Mwingizeni ndani, mfunikeni kifungo kwa kitambaa, mkiacha nafasi ya hewa. Alale saa 10 mpaka 12, penye kimya na giza.

Lakini ugonjwa mkubwa wa kasuku wa nyumbani ni upweke. Akiachwa peke yake tangu asubuhi hata jioni, huanza kujing'oa manyoya mpaka kifua kinabaki wazi. Mwili unaweza kuwa umeshiba, naye anaumia. Kwa hiyo semeni naye. Mpeni kigunzi cha mahindi, tawi la mti, kipande cha mti laini akipasue. Mfundisheni neno moja moja. Maneno anayoyasema ni sauti yake ya kuita wenziwe. Kwa kuwa hana kasuku wengine, wenziwe ni ninyi.

5. Akiugua

Ndege hufanya bidii kuficha ugonjwa, kwa maana porini mnyonge hukamatwa kwanza. Mwenye kumtunza sharti awe na macho. Dalili ndizo hizi: amevimbisha manyoya mchana kutwa, hali, amekaa chini, mkia unapanda na kushuka akivuta pumzi, choo kimebadilika. Mkiona dalili moja, msingoje kesho. Mwekeni penye joto, mkamwite daktari wa wanyama.

Safisheni kifungo kila siku. Lowesheni takataka kwanza kwa maji ili vumbi lisiruke, kisha naweni mikono kwa sabuni. Yako maradhi ya kasuku yanayoambukiza watu na kushika mapafu.

Huko Amerika ya Kusini kuna kasuku wakubwa sana waitwao makau, wenye rangi nyekundu, manjano na buluu. Mahitaji yao ni yayo hayo: chakula cha namna nyingi, hewa safi, nafasi na urafiki.

6. Je, ni vema kununua kasuku?

Swali hili ni gumu kuliko yote. Kasuku wanaouzwa njiani mara nyingi walinaswa msituni kwa ulimbo. Mnasaji humfunga kasuku mmoja juu ya mti ili awaite wenziwe. Wanaposhuka kumjibu, miguu na mabawa hugandamana na ulimbo. Halafu husongamana katika vikapu, na wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Wema wao wa kuitikia mwenzao ndio mtego wao.

Katika nchi ya Ghana, zamani kasuku hawa walikuwa wengi. Tangu mwaka 1992 wamepungua hata katika kila 100 hawabaki 10. Kwa hiyo mwaka 2016 mataifa yalikutana Johannesburg, yakapatana kwamba biashara ya kasuku wa kijivu wa porini kutoka nchi hata nchi ikatazwe. Mapatano yalianza kufuatwa mwaka 2017.

Mtu akisema, "Nitamnunua nimwokoe," afikiri tena. Fedha yake humrudisha mnasaji msituni kuleta mwingine. Lakini kasuku aliye nyumbani tayari, mtunzeni kwa moyo wote, miaka yake yote. Kumfungulia tu mlango hapa Mutoshi si kumwokoa. Mabawa yake hayana mazoezi, msitu uko mbali, na baridi itamwua. Na kama mwenyeji wake anazeeka, yafaa apatane mapema na mtoto au mjukuu atakayemlisha baada yake.

Maulizo

1. Kasuku wa kijivu huishi miaka mingapi akitunzwa vizuri?
2. Kwa nini karanga peke yake hazimtoshi?
3. Wachimbaji wa Uingereza walishuka na kanari kwa sababu gani?
4. Taja vitu vitatu vya mji wa madini vinavyoweza kumdhuru kasuku.
5. Kasuku anayejing'oa manyoya anakosa nini?
6. Kwa nini kununua kasuku wa ulimbo si kumwokoa?