Msuli si Mshipa

Wakati mmoja niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili zoezi la kutafsiri maelezo mafupi ya dawa. Dawa yenyewe ilikuwa penisilini ya benzathini, ambayo hudungwa kwenye msuli. Wanafunzi kadhaa waliandika kwamba hudungwa "kwenye mshipa". Sarufi yao haikuwa na dosari. Hata hivyo, dawa hiyo ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kusimamisha moyo wa mgonjwa.

Kosa hili lina asili yake. Hapa Uganda, mzungumzaji wa Kiganda ana neno omusuwa, yaani mshipa wa damu, ambalo sikioni liko jirani sana na msuli. Msuli kwa Kiganda ni ekinywa. Kiswahili chenyewe nacho hakitusaidii: tunasema mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, na wengine huiita hata ngiri kwa jina hilohilo la mshipa. Zaidi ya hayo, maneno yote mawili yamo katika ngeli ya U-I, kwa hiyo upatanisho wa sentensi haumzindui mwanafunzi hata kidogo.

Mshipa wa damu ni njia. Kitu hupita ndani yake. Msuli ni mnofu unaojikaza na kulegea. Ule ulioshikana na mfupa huuvuta tu, hauwezi kuusukuma, na ndiyo maana misuli mingi hufanya kazi miwili miwili. Ukikunja mkono, msuli wa mbele ya mkono wa juu hujikaza na wa nyuma hulegea. Ukiunyoosha, zamu hubadilika. Kinachouunganisha msuli na mfupa ni kano, ambayo nayo baadhi yetu huiita mshipa!

Aina za misuli ni tatu. Misuli ya mifupa, inayozidi 600, hutii hiari yetu. Misuli laini haingoji amri: husogeza chakula utumboni na hukaza mji wa mimba wakati wa uchungu. Ya tatu ni ya moyo peke yake. Kwenye hadubini ina mistari kama ile ya mifupa, lakini haitii hiari.

Hapo mwanafunzi mmoja alinibana kwa swali: je, kuta za mishipa ya damu hazina misuli? Zinayo, tena misuli laini. Lakini muuguzi anaposema sindano ya msuli, anakusudia msuli wa bega, wa paja au wa tako.

(Neno lina mengine pia: pwani msuli ni nguo ya kiunoni ya wanaume, na wanafunzi wa Tanzania "hupiga msuli" wakikesha na vitabu.)

Zoezi tulilirudia. Safari hii nilichora mkono ubaoni, wakaandika kwanza msuli, kano, mshipa wa damu na neva mahali pake, kisha wakatafsiri.