Mkalimani na Amana ya Maneno

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu Waislamu, Sura ya Ibrahim, aya ya 4, yatufundisha kwamba kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie. Hapa Dodoma na nyanda hizi za kati lugha ni nyingi: Wagogo wana Kigogo, Warangi wa Kondoa wana Kirangi, na Wasandawe wana lugha yao isiyo na udugu na hizo. Wapo wazee wetu wasioweza kuyatoa ya moyoni ila kwa lugha ya nyumbani. Hao humhitaji mtu wa kati. Basi na tumjue ni nani.

Wa kwanza ni mkalimani, ageuzaye maneno kwa kinywa, papo hapo. Wa pili ni mfasiri, ageuzaye maandishi kwa kalamu. Bwana Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, apate kumsomea na kumwandikia barua zao. Na Sheikh Abdullah Saleh Farsy alitutolea *Qurani Takatifu* kwa Kiswahili, iliyochapwa kamili mwaka 1969. Wa tatu ni mwenye kufafanua makusudio ya aya, kama Ibn Abbas, aliyeitwa Tarjumani wa Qur'ani.

Kwa Kiarabu, kugeuza lugha ni *tarjama*, na kufafanua ni *tafsiri*. Sisi Waswahili neno tafsiri tumelibebesha yote mawili. Kwa hiyo msemaji wa darasani na abainishe: hii ndiyo maana ya aya, na haya ni maelezo ya wanavyuoni. Asipofanya hivyo, msikilizaji atayadhani maneno ya mwanadamu kuwa ya Mola wake.

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini. Hata hivyo asiyekijua bado huhitaji mkalimani. Imam Shafi alishurutisha wakalimani wawili mbele ya kadhi, mfano wa mashahidi. Imam Abu Hanifa aliona mmoja mwadilifu atosha. Wote walichunga jambo moja: hakimu hasikii ila alilosikilizishwa. Mzee akisema "nilimsukuma", na mkalimani akasema "alimpiga", huenda mtu akafungwa kwa neno asilolitamka. Vivyo hivyo hospitalini: mjukuu akiona haya kuyataja maradhi ya bibi yake, daktari atatibu ugonjwa mwingine.

Basi, ewe uliyewekwa kati ya watu wawili, usizidishe wala usipunguze. Usilolifahamu, uliza. Na siri uliyoisikia, izike kifuani. Maneno ya mwenzio ni amana, na Mwenyezi Mungu ameamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe.

Mola atujaalie ndimi za kweli. Amin.