Anayeuliza Kama Mtoto Amekojoa

"Mtoto amekojoa?"

Swali hili huanza alfajiri katika wodi za watoto za West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, daktari akiwa bado hajafika. Arua huulizwa kwa Kilugbara, Koboko kwa Kikakwa, na mama aliyevuka mpaka kutoka Kongo huulizwa kwa Kilingala au Kiswahili. Mara nyingi anayeuliza si muuguzi mwenyewe, ni msaidizi wake. Wagonjwa humwita "sista" kama wanavyowaita wengine, ila jina lake halimo katika rejista ya wauguzi wa Uganda.

Jibu lina uzito. Mtoto mwenye malaria kali aliyekesha na dripu bila kukojoa, huenda figo zake zimeanza kulemewa. Akikojoa mkojo mweusi kama kahawa, daktari aitwe hapo hapo. Mama hawezi kulijua hilo asipoambiwa. Daktari naye hawezi kulijua asipopelekewa habari.

Barabara ya lami ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba ina kilomita 92. Mwisho wake mmoja ni mpaka wa Kongo, wa pili ni mpaka wa Sudan Kusini. Wanaolazwa kandokando yake ni wakulima wa Maracha, wachuuzi wa soko la Ariwara, wakimbizi wa Kikongo wa kambi ya Lobule iliyo Koboko, na Wasudani Kusini wa Rhino Camp. Daktari aliyepangiwa kazi huku akitokea Mbarara au Kampala hukuta lugha nne katika chumba kimoja. Msaidizi aliyezaliwa kijiji cha jirani ndiye husimama katikati. Bibi mzee akizungukazunguka kwa haya asitaje panapouma, yeye huelewa kinachositiriwa, akamwambia daktari kwa sauti ya chini.

Kazi zake nyingine ni za mikono. Hutandika vitanda, humwogesha asiyejiweza, hupima joto na uzito, hupeleka damu maabara, huchemsha vyombo, husukuma machela. Humvisha mtoto utepe wa rangi kwenye mkono wa juu. Ukisomeka chini ya sentimita 11.5, yaani kwenye nyekundu, huo ni utapiamlo mkali. Tena huwafundisha ndugu, kwa kuwa hospitali zetu husimama kwa wanaouguza: wale wanaopika uani na kulala sakafuni kando ya kitanda.

Kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni kumgeuza mgonjwa. Aliyepooza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mjomba wangu alilazwa mahali ambapo hapakuwa na wa kufanya hivyo, nasi wapwa zake tukadhani kumwacha atulie ndiko kumhurumia. Kiharusi chenyewe alikivuka. Kidonda kilichochimbika kiunoni ndicho kilichomtesa hadi mwisho. Hatukuwa na mtu wa kutuambia, "Mgeuzeni mzee."

Sasa njoo kwenye sheria. Sheria ya Wauguzi na Wakunga ya 1996 inamtambua muuguzi wa cheti na wa diploma waliosajiliwa. Msaidizi hana nafasi humo. Hata hivyo ikama ya Wizara ya Afya, kwa miaka mingi, ilikipa kituo cha afya cha ngazi ya pili watumishi 9, na wawili kati yao walikuwa wasaidizi hawa. Serikali ileile ilimwajiri kwa mkono mmoja na kumkana kwa mwingine. Ada ya matibabu ilipofutwa katika vituo vya serikali mwaka 2001, foleni zilirefuka, na katika vituo vingi vya vijijini aliyebaki kuwapokea wagonjwa ni yeye: anasikiliza, anatoa dawa, anachoma sindano, mambo ambayo hakusomea.

Hapo ndipo hatari ilipo, na sitaki kuipaka sukari. Kipimo cha dawa kikikosewa, mtoto hufa. Vyuo vya mitaani vinavyowatoza wasichana wetu ada kwa cheti kisichotambuliwa na baraza la wauguzi vinawadhulumu wao kwanza, kisha wagonjwa. Lakini wanaosema dawa ni kumwondoa tu msaidizi, nawauliza: nani atamgeuza mzee? Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa arobaini? Aandikwe, afundishwe kazi yake, awekewe mpaka wa asichoruhusiwa kugusa, na awepo muuguzi wa kuitika anapomwita saa nane ya usiku. Bila huyo wa kuitika, mpaka utavukwa kila siku.

Kazi ndogo ndogo, zikifanywa kwa uangalifu, huenda mbali. Hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, aliyoianzisha mmisionari Mwingereza Dk. Ted Williams, ilijulikana kwa kuandika kwa makini ni mgonjwa gani wa saratani ametoka kijiji gani. Mwaka 1961 Williams alifuatana na daktari wa upasuaji Denis Burkitt katika safari ndefu ya kufuatilia uvimbe wa taya za watoto, na kumbukumbu za West Nile zikawa miongoni mwa nguzo za uchunguzi wa ugonjwa ambao leo dunia inauita kwa jina la Burkitt. Msingi wake ulikuwa mtu kuuliza jina la kijiji, na kuliandika sawasawa.

Zamu ya usiku ina kazi moja zaidi. Mgonjwa akifariki, msaidizi humfumba macho, humfunga kidevu kwa bandeji, humnyoosha miguu kabla mwili haujakakamaa. Huwauliza ndugu, kwa lugha yao, wanampeleka wapi: Yumbe, Aru, au Yei. Wakishaondoka huchukua ndoo ya jiki na kitambaa, akalifuta godoro la plastiki juu na chini, akalisimamisha likauke. Koridoni kuna mwingine anayengoja kitanda.